Ukimya wa Dirishani Ndio Unaomlisha Dalali

Mwombaji wa viza amekesha akipanga makaratasi. Taarifa ya akaunti ya miezi sita, barua ya mwajiri yenye mhuri, hati ya nyumba, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya mwaliko. Anapofika dirishani ubalozini anaulizwa maswali matatu: unakwenda kufanya nini, nani anakulipia, unafanya kazi gani. Bahasha haifunguliwi. Dakika mbili tatu zimepita, anarudishiwa pasipoti pamoja na karatasi ya kukataliwa iliyochapwa siku nyingi, ileile aliyopewa wa mbele yake na atakayopewa wa nyuma yake. Anatoka nje. Mtu wa kwanza kumuuliza "wamekwambiaje?" ni wakala, dalali wa viza.

Nimewasikiliza wengi waliopita hapo. Wapo waliolia kwa sababu ya safari, lakini wengi zaidi niliowasikia walikuwa wakirudia swali moja: kosa langu lilikuwa lipi? Swali hilo halina mwenyewe wa kulijibu, na pale ambapo aliyeamua hajibu, hujitokeza mwingine anayejibu kwa malipo. Ndiyo maana nasema soko la barua bandia, akaunti za kujazwa na mialiko ya kununua halikuzwi na tamaa ya waombaji peke yake. Linakuzwa pia na ofisi zinazoamua bila kueleza.

Tuanze na jinsi uamuzi wenyewe unavyofikiwa, maana waombaji wengi huandaa jibu la swali ambalo hawakuulizwa.

Marekani ina kifungu maarufu kuliko vyote katika mambo haya, 214(b) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952. Kinasema kwamba mgeni anayeomba viza ya muda atahesabiwa kuwa anataka kuhamia moja kwa moja, mpaka yeye mwenyewe amridhishe ofisa kwamba sivyo. Mahakamani mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka wa kumshtaki athibitishe. Dirishani mzigo uko begani kwako tangu unapotoa salamu. Tena unachotakiwa kuthibitisha hakijatokea bado. Unaweza kuthibitisha kwamba ulifanya kazi mwaka jana au kwamba ulilipa kodi, lakini utathibitishaje kwamba utarudi? Kesho haina risiti.

Kwa kuwa kesho haionekani, ofisa huikisia kwa kutazama leo: kazi uliyonayo na umeifanya kwa muda gani, familia unayoiacha, mali, umri, safari ulizowahi kwenda ukarudi. Kijana ambaye hajaoa, mwenye kazi ya mwaka mmoja na pasipoti isiyo na mhuri hata mmoja, hajafanya kosa lolote, lakini kwa hesabu hiyo ana kidogo cha kumvuta arudi. Hapo ndipo watu wenye tabia njema kabisa hunyimwa viza wakadhani wameitwa waongo. Hawakuitwa waongo. Wamekisiwa, na mtu aliyekisiwa ana haki ya kujua amekisiwa kwa kipimo gani.

Kifungu hichohicho kinawaacha nje baadhi ya waombaji, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Anayekwenda kwa viza ya kazi ya H-1B hatakiwi kuthibitisha kwamba hana nia ya kubaki. Anayekwenda kumwona dada yake kwa wiki mbili anatakiwa. Mwenye kuajiriwa anakutana na mlango mwembamba wa namna nyingine, yaani nafasi 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada za juu za vyuo vya Marekani, na waombaji wakizidi hupigiwa bahati nasibu. Swali lake ni nani anakuhitaji. La mgeni wa matembezi ni nini kitakurudisha. La mwanafunzi ni kwa nini masomo haya, mahali hapa, sasa. Anayemwambia ofisa wa viza ya matembezi kwamba yeye ni mchapakazi atakayefaa nchi yoyote amejibu la mwenye kazi, na kwa jibu hilo amejiumiza.

Ulaya ya Schengen, yaani nchi zinazotumia viza moja, ambazo sasa ni 29, ina utaratibu wa wazi zaidi. Ukikataliwa unapewa fomu yenye orodha ya sababu, na ile iliyokuhusu imewekewa alama. Fomu hiyo pia inataja njia ya kukata rufaa, kwa sheria ya nchi iliyokukatalia. Ni hatua kubwa kuliko karatasi ya Marekani. Lakini sababu inayowachanganya wengi ni ile inayosema kuna mashaka ya msingi kuhusu nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha. Mashaka yametoka wapi? Alama kwenye kisanduku haisemi.

Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi ya Koushkaki dhidi ya Ujerumani, na kila mwombaji angefaa kuujua. Mahakama ilisema nchi haiwezi kumkatalia mtu kwa sababu iliyo nje ya zile zilizoorodheshwa kwenye kanuni. Hapo mwombaji alipata ngao. Ikasema pia kwamba ofisa halazimiki kuwa na uhakika kwamba utaondoka au hutaondoka. Anatazama kama kuna mashaka ya msingi, na katika kutazama anaweza kuzingatia hali ya jumla ya nchi unakoishi pamoja na mambo yako binafsi. Maneno hayo, "hali ya jumla ya nchi," yana uzito. Maana yake sehemu ya faili lako iliandikwa kabla hujazaliwa, na walioiandika ni vita, uchumi na watu wengine waliopitiliza muda wao huko. Wewe unakuja kujaza sehemu iliyobaki.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi ikaikabidhi kazi hiyo programu ya kompyuta. Kwa miaka kadhaa maombi yalikuwa yakichambuliwa na mfumo uliowapanga waombaji kwa rangi, kijani, njano na nyekundu, na uraia ulikuwa miongoni mwa vigezo. Wanaharakati walipolipeleka suala hilo mahakamani, serikali ikakubali kuuacha mfumo huo mwezi wa Agosti 2020, kabla hukumu haijatolewa. Waliowekwa kwenye nyekundu wakati ule hawakuwa na njia ya kujua kwamba ofisa alipofungua maombi yao, rangi ilikuwa imekwisha kusema kabla yao.

Basi mwombaji amenyimwa viza na hajui kwa nini. Wakala anayo majibu tayari: salio lako lilikuwa dogo. Hajaona faili, hajaongea na ofisa, lakini anasema kwa uhakika ambao ofisi haikuuonyesha, na kwa mtu aliyetoka kuvunjwa moyo uhakika ni dawa. Anakopeshwa fedha ziingie kwenye akaunti, zikae wiki mbili, apate taarifa mpya ya benki, kisha zirudi kwa mwenyewe kwa riba.

Jambo ambalo wakala hamwambii ni kwamba ofisa mzoefu hasomi salio la mwisho peke yake. Taarifa ya akaunti anaisoma kama shajara. Mshahara huingia tarehe fulani, kodi ya nyumba hutoka, ada ya shule hutoka, kidogo kinabaki. Hayo ni maisha, na maisha yanaaminika hata yakiwa ya kawaida. Halafu ghafla, siku kumi kabla ya maombi, unaingia mlima wa fedha usio na historia. Ofisa haoni utajiri hapo, anaona mkono wa mtu mwingine. Ndiyo sababu Uingereza inamtaka mwanafunzi anayedaiwa uthibitisho wa fedha aonyeshe kwamba zimekaa siku 28 mfululizo. Aliyekuwa na faili dhaifu lakini la kweli sasa ana faili lililonona la uongo, na haya mawili hayaadhibiwi sawa.

Faili dhaifu hukataliwa, na unaweza kuomba tena. Faili la uongo hukufuata. Ukikutwa na udanganyifu katika maombi, Uingereza inaweza kukufungia miaka 10, Kanada miaka 5, Australia miaka 3 kwa hati za uongo na 10 kwa utambulisho wa uongo. Marekani mlango hufungwa bila ukomo, mpaka upewe msamaha maalumu. Na jina la wakala haliko popote kwenye fomu. Aliyesaini ndiye anayejibu. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu wengi wanaoangukia humo hawakuwa wadanganyifu. Walikuwa wakitafuta kurekebisha kosa ambalo hakuna aliyewaonyesha, wakarekebisha lisilokuwepo.

Kama nimejifunza kitu kwa kusoma barua za kukataliwa ambazo watu wamenionyesha, ni kwamba faili zilizo nyingi huangushwa na makaratasi kutosemezana. Barua ya mwajiri inatoa likizo ya siku 14. Mwenyeji anaandika "nitakuwa naye mwezi mzima." Nafasi ya ndege imeshikwa kwa wiki tatu. Kila karatasi kwa peke yake haina hila, ila zikiwekwa mezani pamoja ni safari tatu za watu watatu. Au fomu inasema mwombaji anajilipia, na barua ya mwaliko inasema mwenyeji atagharimia kila kitu. Mtu aliyejaza fomu usiku huku akisaidiwa na watu wawili hawezi kuliona hilo. Ofisa analiona mara moja.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza karatasi, zisome ulizonazo kwa mpangilio kana kwamba humjui mwombaji. Tarehe zinakubaliana? Anayelipa ni mmoja? Fedha zilizoingia kwa mkupuo zina maelezo, kama vile mkataba wa mauzo au barua ya ndugu aliyetuma na ushahidi kwamba ni ndugu? Andika barua ya ukurasa mmoja inayosimulia safari tangu mwanzo hadi siku ya kurudi kazini, kwa maneno yako mwenyewe. Na kama una ndugu huko uendako, mtaje. Wengi humficha wakiogopa atawaharibia, kumbe kumficha ndiko kunakoharibu, maana pengine jina lako liliandikwa kwenye faili lake miaka iliyopita.

Kwa mwanafunzi mambo ni magumu zaidi, na sehemu kubwa ya ugumu ni fedha. Ujerumani humtaka anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya aweke euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti iliyofungwa, anayoruhusiwa kuchota euro 992 tu kwa mwezi, au aonyeshe ufadhili mwingine unaotosha. Kanada kwa miaka mingi ilitaka dola zake 10,000 za matumizi kwa mwanafunzi asiye na familia. Tarehe 1 Januari 2024 ikapandisha hadi 20,635, na tarehe 1 Septemba 2025 ikawa 22,895. Australia, ada ya maombi peke yake ilifika dola 2,000 za huko mwezi wa Julai 2025, na ukikataliwa hairudi. Naweza kuelewa hoja ya kwamba mwanafunzi asiye na fedha atateseka ugenini. Nimeona walioteseka. Lakini kiwango kinachoongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya miaka miwili kinamwacha mtu aliyeanza kuweka akiba mapema akiwa nyuma kuliko alipoanzia.

Lipo jambo lingine linalowahusu wanafunzi ambalo naliona si la haki. Marekani humtaka mwanafunzi wa viza ya F-1 amridhishe ofisa kwamba hana nia ya kubaki. Wakati huohuo, kanuni za viza hiyo zinampa nafasi ya kufanya kazi ya fani yake hadi miezi 12 baada ya kuhitimu, na zaidi kwa waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kijana wa miaka 19 akiuliza habari za nafasi hiyo dirishani, anaweza kuonekana ana nia mbaya kwa sababu ya kusoma kanuni. Matokeo yake vijana wanakariri majibu. Wote "watarudi kuijenga nchi," kwa sentensi zilezile walizofundishwa na wakala yuleyule, na ofisa anayezisikia mara mia kwa wiki hawezi tena kumtambua anayezisema kutoka moyoni.

Katika hili Australia ilifanya jambo la maana. Tarehe 23 Machi 2024 iliacha kigezo cha zamani kilichomtaka mwanafunzi athibitishe kwamba anakuja kwa muda tu, ikaweka kingine kinachouliza kama ni mwanafunzi wa kweli: kwa nini kozi hii, inahusianaje na uliyosoma, itakufaa nini. Ni maswali yanayoweza kujibiwa kwa ushahidi. Mwenye nia ya kusoma anayo majibu, na asiyekuwa nayo atababaika. Ada yao naipinga, ila swali lao naliunga mkono.

Kwa wanaotafuta kazi nitasema machache, maana kanuni yake ni nyepesi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, isipokuwa pale nchi inaporuhusu kwa makundi maalumu. Kazi inayoanza kwa wewe kumlipa mtu ili akupe "nafasi" itazame kwa jicho kali. Uingereza huchapisha hadharani orodha ya waajiri wenye kibali cha kuleta wafanyakazi kutoka nje, na yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni. Jina la mwajiri lisipokuwemo, hakuna viza ya kazi itakayotoka kwake, hata kama mkataba una mihuri saba. Likiwemo pia usilale, kwa maana matapeli hutumia majina ya kampuni za kweli. Wasiliana na kampuni yenyewe kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuzwa. Nchi ina haki ya kuchagua nani aingie. Maofisa ni wachache, maombi ni mengi, na kueleza kila uamuzi kwa kirefu kungeongeza foleni ambayo tayari ni ndefu. Tena wanasema, ukieleza sababu kwa undani unawafundisha matapeli pa kupenya.

Hoja ya mwisho ndiyo ninayoikataa kabisa. Tapeli hahitaji barua yako. Ana wateja mia kwa mwaka, na kila anayekataliwa humletea habari. Yeye ana kumbukumbu kubwa kuliko mwombaji yeyote. Anayebaki gizani ni mtu wa kweli anayeomba mara moja katika maisha yake. Na kuhusu gharama, mwombaji ameshalipa. Ada ya viza ya matembezi ya Marekani ni dola 185 tangu Juni 2023, ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na hazirudishwi kwa maelezo kwamba ni malipo ya kushughulikia maombi, si ya viza. Nakubali. Basi kumwambia mtu sababu kuhesabiwe kuwa sehemu ya kushughulikia.

Kwamba jambo hili linawezekana, Kanada imeshaonyesha. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu kabisa ya Kanada, katika kesi ya Vavilov, ilisisitiza kwamba uamuzi wa ofisa wa serikali lazima uweze kueleweka na kutetewa kwa sababu zake. Tangu tarehe 29 Julai 2025 idara yao ya uhamiaji imeanza kuambatanisha maelezo ya ofisa na barua za kukataa kwa baadhi ya maombi ya kutembelea, kusoma na kufanya kazi. Zamani mwombaji ilimbidi ayaombe maelezo hayo kando, asubiri wiki kadhaa, huku siku 60 za kwenda mahakamani zikihesabika. Sasa anayapata pamoja na barua. Akisoma kwamba ofisa hakuelewa uhusiano wa kozi na kazi yake, anajua la kufanya, na hana haja ya kukopa fedha za kujaza akaunti.

Wengine wanarudi nyuma. Ujerumani iliruhusu kwa miaka mingi mwombaji aliyekataliwa kuuandikia ubalozi uleule uangalie upya faili lake, bila malipo. Tarehe 1 Julai 2025 ilifuta utaratibu huo duniani kote, na njia iliyobaki ni kuomba upya au kufungua kesi Berlin. Uingereza iliondoa rufaa ya wanaokwenda kutembelea ndugu zao mwezi wa Juni 2013. Marekani hakuna rufaa kwa 214(b), na mahakama zake kwa kawaida hazigusi uamuzi wa ofisa wa ubalozi, msimamo ambao Mahakama yao ya Juu kabisa iliurudia mwaka 2024. Kila njia ya halali inayofungwa, foleni yake haipotei. Inahamia kwa wakala.

Kwa aliyekataliwa jana, namsihi asikimbilie kuomba tena kesho kwa faili lilelile. Asome karatasi aliyopewa neno kwa neno, atazame kama inataja rufaa na siku zake ni ngapi, kisha ajiulize ni nini katika maisha yake au katika makaratasi yake kimebadilika. Pakiwa hapajabadilika kitu, dirisha la pili litasema la kwanza, na ada imekwenda.

Na siku atakapokuwa tayari, iwe kwa nchi ileile au nyingine, atakutana na swali ambalo fomu nyingi zinalo: umewahi kunyimwa viza? Ni lazima ajibu ndiyo, kwa kuwa kuficha ni udanganyifu na kumbukumbu zipo. Chini ya swali kuna nafasi ndogo ya kujaza, imeandikwa: eleza sababu. Anashika kalamu. Anatakiwa kuieleza serikali ya pili jambo ambalo serikali ya kwanza haikumweleza yeye, na mtu pekee aliye karibu wa kumwambia aandike nini ni yule aliyekuwa akimngoja nje.